Naomba ushauri: mkopo wa nyumba kwa sarafu ya kigeni ilhali mshahara ni wa sarafu ya nyumbani

Mwanzisha uzi:
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Nimepewa nafasi ya kuchagua kati ya mikopo miwili ya nyumba ya miaka 25: mmoja wa sarafu yetu kwa riba ya asilimia 12, mwingine wa sarafu ya kigeni kwa asilimia 5. Mshahara wangu wote hulipwa kwa sarafu ya nyumbani. Afisa mikopo ananihimiza nichukue huo wa pili kwa kuwa rejesho lake la kila mwezi linazidi kidogo tu nusu ya lile jingine. Je, kuna hatari gani ambayo siioni?

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu, hesabu uliyoonyeshwa ni ya siku ya kusaini. Tuseme umekopa 50,000 za kigeni wakati moja inauzwa kwa 100 za nyumbani, yaani deni la 5,000,000. Rejesho litakuwa takriban 292 za kigeni kwa mwezi, sawa na 29,200 za kwetu. Ukilipa miaka mitano bila kukosa, deni litashuka hadi kama 44,300 za kigeni. Lakini iwapo wakati huo moja inauzwa kwa 140, rejesho litakuwa limefika karibu 40,900, na deni lililobaki litakuwa takriban 6,200,000. Utadaiwa zaidi ya ulichokopa, ingawa hukuchelewesha hata mwezi mmoja. Kupanda kutoka 100 hadi 140 kwa miaka mitano ni wastani wa asilimia 7 kwa mwaka, kiasi kilekile cha tofauti ya riba iliyokuvutia. Tofauti hiyo ndiyo malipo yako ya kubeba hatari ambayo benki haitaki kuibeba yenyewe.

Mchangiaji wa pili:
Haya yamewahi kuwafika watu wengi. Kabla ya mwaka 2008, familia nyingi za Hungaria, Polandi na Kroatia zilikopa kwa faranga ya Uswisi kwa ajili ya riba yake ndogo. Tangu Septemba 2011 benki kuu ya Uswisi iliizuia faranga isipande thamani kiasi cha yuro moja kununua chini ya faranga 1.20, na watu wakauzoea utulivu huo. Tarehe 15 Januari 2015 ikaondoa kizuizi hicho bila kutoa taarifa mapema, na faranga ikapaa siku hiyohiyo. Hungaria ilikuwa imekwisha kupitisha sheria ya kugeuza mikopo hiyo kuwa ya forinti, sarafu yake yenyewe, ilhali wakopaji wa Polandi walibaki nayo na wengi wakaishia mahakamani. Kwa hiyo, ukiambiwa kwamba sarafu fulani imetulia kwa miaka kadhaa, tafadhali usiichukue kauli hiyo kama dhamana.

Mchangiaji wa tatu:
Mimi naomba uusome mkataba kwenye kipengele cha kiwango cha kubadilishia fedha. Benki ikikupa fedha kwa bei yake ya kununua, tuseme 98, kisha ikapokea marejesho kwa bei yake ya kuuza, 102, umeongezewa gharama ya takriban asilimia 4 hata kama soko halijasogea. Uliza pia kama unaruhusiwa kugeuza mkopo uwe wa sarafu ya nyumbani, kwa kiwango cha siku gani na kwa ada kiasi gani. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2014 kuhusu mikopo ya nyumba, unataka mkopaji awe na haki hiyo au kinga nyingine inayofanana nayo.

Mwanzisha uzi:
Nawashukuru sana. Je, nikiweka akiba ile tofauti ya marejesho kila mwezi, haitanikinga?

Mchangiaji wa kwanza:
Itakukinga kwa kiasi, iwapo utaiweka kwa sarafu ileile ya mkopo, tangu mwezi wa kwanza, na usiiguse. Ila kama unauchukua mkopo huo kwa sababu mshahara wako hauwezi kulipa rejesho la asilimia 12, basi akiba hiyo haitakuwepo, na ushauri wangu ni utafute nyumba ya bei ndogo zaidi kwa mkopo wa sarafu unayolipwa.