Shahada ya utafiti kuhusu Mombasa ya enzi za Wareno: nianzie wapi?

Mwalimu wa Likoni

Assalamu alaykum na salamu kwenu nyote. Nafundisha historia katika shule ya upili huku ng'ambo ya kivuko, na kila mwaka huwapeleka wanafunzi Fort Jesus nikawaeleza yale yale: ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, Sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, akawaasi Wareno mwaka 1631, Waomani wakaitwaa mwaka 1698. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniuliza watu wa mji walikuwa upande gani siku ya maasi yale, nami sikuwa na jibu. Tangu hapo nimetamani kusomea shahada ya uzamili kwa njia ya utafiti na, Mungu akijalia, niendelee hadi uzamivu. Tatizo ni kwamba idara niliyoiendea iliniambia mada hiyo imekwisha kuandikwa, nichukue harakati za uhuru ambazo nyaraka zake ziko Nairobi. Je, wamesema kweli? Kireno sikijui, lakini hati za Kiarabu nazisoma tangu chuoni, nilipokuwa mtoto.

Mwana wa Kibokoni

Waalaykum salaam, mwalimu. Kuhusu nyaraka hawakukudanganya, kwa sababu hifadhi ya taifa kule Nairobi imejaa zaidi makaratasi ya serikali ya kikoloni, na mtu wa karne ya 17 atapata machache sana humo. Nyaraka za kipindi chako ziko Lisbon, katika Torre do Tombo, yaani hifadhi ya taifa ya Ureno, na katika hifadhi ya mambo ya ng'ambo, na nyingine ziko Goa, makao makuu ya Wareno huko India, kwa kuwa Mombasa ilitawaliwa kutoka huko. Lakini kusema kwamba mada imekwisha ni uvivu, na naomba radhi kwa kusema hivyo.

Chukua hayo maasi yenyewe. Ushahidi mkubwa tulio nao ni wa watu waliohojiwa Goa mwaka uliofuata, kanisa lilipotaka kujua kama waliouawa walistahili kuitwa mashahidi wa dini. Basi kila aliyehojiwa aliulizwa kama marehemu alikataa kusilimu, na alikufa vipi. Hakuulizwa kwa nini mji ulichukia, wala nani alibaki nyumbani akafunga mlango. Yusuf mwenyewe alilelewa Goa na watawa, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo, kisha akarudi kutawala mji ambao haukumzoea. Swali la mwanafunzi wako linahitaji mtu wa kuusoma ushahidi huo kinyume na nia ya waliouandika, na kazi hiyo haifanyiki bila Kireno. Anza kujifunza sasa, kabla hata ya kuandika pendekezo la utafiti, na ujue kwamba kukisoma Kireno kilichopigwa chapa ni jambo moja na kuusoma mwandiko wa karani wa karne ya 17, mwenye kufupisha kila neno la pili, ni jambo jingine.

Mstaafu wa Tudor

Nakubaliana na ndugu wa Kibokoni kwa uzamivu, lakini kwa uzamili wa miaka miwili namwona anamtisha mwalimu bure. Sehemu ya ushahidi huo imekwisha kutafsiriwa na kuchapishwa, na tasnifu ya uzamili inaweza kuusimamia huo mradi mwandishi akiri wazi kwamba anatumia tafsiri.

Mimi kilichonivutia ni ile sentensi yako ya mwisho, ambayo umeiweka kama jambo dogo. Katika hifadhi ya Goa zimo barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, za kutoka Kilwa, za kuanzia mwaka 1711, na hizo ndizo barua za kale zaidi za lugha yetu zinazojulikana. Fikiria wakati wenyewe: Wareno wamekwisha kuipoteza ngome, ilhali mambo yao na watu wa Pwani hayajakatika, hata mwaka 1728 wakarudi Mombasa kwa muda kabla ya kufukuzwa tena mwaka 1729. Wasomi wengi wa Kireno hawawezi kuzisoma barua hizo bila msaada. Wewe waweza. Mada yako huenda si 1631, bali hiyo miaka 30 baada ya 1698 ambayo wanafunzi wako huiruka mbio hadi kwa akina Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa baadaye.

Na msimamizi umtafute kwa kusoma alichoandika, si kwa kutazama jina la chuo chake.

Bandarini

La kiofisi tu: baada ya pendekezo kupitishwa utahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kabla ya kuanza utafiti wenyewe, basi usikiombe dakika ya mwisho. Na usiache kazi kabla ya kupata ufadhili. Nilimwona rafiki yangu akiacha, karo ikamshinda mwaka wa pili.

Mwalimu wa Likoni

Nawashukuru sana. Mzee wa Tudor, nakiri sikuwahi kuzisikia barua za Kilwa, na nimeona haya kidogo kwa sababu nafundisha Pwani. Kazi yangu ya kwanza ni kutafuta nakala zake zilizochapishwa nione kama mwandiko wa zama hizo nauweza. Nikiuweza, nitarudi idarani na swali la 1698 hadi 1729 badala ya lile la awali. Kireno nitakianza vilevile. Ndugu wa Kibokoni, kama unamjua mtu anayekifundisha hapa mjini jioni, baada ya saa za shule, tafadhali nielekeze.