Shingo inaniuma mwezi wa nne sasa, naomba ushauri wa mto na mchuaji

MamaVitambaa: Wakuu, salaam. Nina miaka 46, mshonaji. Shingo inauma, usiku ndiyo balaa, nalala nimekaa. Diklofenaki zimegoma. Naombeni mto mzuri na mchuaji wa uhakika hapa Dar.

FundiPindo: Pole mama. Shingo ndiyo ugonjwa wetu mafundi. Mimi niliinua cherehani kwa matofali mawili, ikapona.

BabuKijiwe: Mto wa sufi! Sponji zinatumaliza.

NesiMstaafu: Dada, maumivu ya kazi hupoa ukipumzika. Yako yanazidi usiku. Umepungua? Umewahi kuugua ugonjwa mkubwa?

MamaVitambaa: Nimepungua kidogo, nadhani ni mfungo. Kuugua cha maana, hapana.

NesiMstaafu: Na kisicho cha maana?

MamaVitambaa: 2019 nilitolewa uvimbe kwenye titi, nikapigwa mionzi hospitali ya Ocean Road. Vidonge vya kuzuia usirudi, vya miaka mitano, nilimeza miaka miwili tu. Lakini nilipona jamani, na hii ni shingo, si titi. Mchuaji nimeshampa elfu arobaini, kesho tunaanza.

NesiMstaafu: Usichuliwe! Saratani ya titi huweza kuhamia kwenye mifupa, hasa ya mgongo na shingo, hata miaka ikipita. Pingili iliyolika ukiiminya inaweza kuvunjika ikabana uti wa mgongo. Huenda siyo; hata TB ya mifupa huuma hivyo. Kapige picha. Mikono ikifa ganzi, miguu ikilegea au mkojo ukigoma kutoka, usingoje kuche.

MjaWaMungu: Dawa unaiachaje njiani, na wenzio wanaililia?

MamaVitambaa: Niliolewa upya. Mume hajui. Nikirudi kliniki itabidi nimwambie.

Mpelelezi_TZ: Chai hii. Mume haoni kovu? Uzi ufungwe.

MamaVitambaa: Analiona. Nilimwambia lilikuwa jipu.

BabuKijiwe: Duh.

BintiMoro: Mpelelezi, acha. Mama yangu alianza na kiuno. Tulimkanda maji ya moto miezi miwili, mpaka asubuhi moja akashindwa kushuka kitandani. Hakutembea tena. Mama, kadi yako ya 2019 bado unayo?

MamaVitambaa: Ninayo. Iko chini ya vitambaa, kwenye droo ya cherehani.

BintiMoro: Itoe leo. Mchuaji mpigie sasa hivi.