Gemu ndefu za dunia wazi: ipi watu wanaifikisha mwisho? Witcher 3, Skyrim, Elden Ring au Valhalla

Fundi Pedi (mleta mada):
Wakuu, habari za jioni. Nina PS5, nina saa moja hivi usiku watoto wakishalala, na nina hela ya gemu moja tu mpaka sikukuu. Nataka ya kuzurura: ramani kubwa, farasi, mapanga, unapanda levo taratibu. Nimebakiza nne: The Witcher 3, Skyrim, Elden Ring na Assassin's Creed Valhalla.

Siulizi ipi bora, nyuzi za ubishi huo zipo kibao. Nauliza ipi mtu wa kawaida, mwenye kazi na familia, anaianza na anaiona mwisho wake. Nimepitia takwimu za vikombe (alama unazopewa ukifika hatua fulani ya gemu) kule Steam, duka la gemu za kompyuta. Kikombe cha kumaliza stori ya Witcher 3 hakijafika hata nusu ya wachezaji. Na hii ndiyo gemu iliyouza nakala zaidi ya milioni 50, kila mtu anaisifia! Sasa hao wanaoisifia waliishia wapi?

Saa za stori kuu peke yake, kwa makadirio ya HowLongToBeat ambako wachezaji wenyewe wanaandika muda wao: Skyrim iko chini ya 30, Witcher 3 ni 50 na ushee, Elden Ring na Valhalla ziko kwenye 60. Ukitaka kusafisha ramani nzima zote zinavuka 100, na Skyrim inapita 200. Kwa ratiba yangu, saa 60 ni miezi miwili bila kukosa usiku hata mmoja. Karibuni.

Chalii wa Sakina:
Mkuu chukua Skyrim ulale. Hakuna anayeimaliza na hakuna anayejali. Imetoka 2011, mpaka leo watu wanaianza upya.

Fundi Pedi:
Chalii, swali langu lilikuwa kumaliza 😂

Chalii wa Sakina:
Nasema hivi: stori kuu ya Skyrim ni fupi kuliko zote ulizoweka hapo. Joka Alduin unaweza kumfuata na kumuua bila kujiunga na chama hata kimoja. Tatizo ni kwamba ukitoka tu Helgen, pale gemu inapoanzia, unaona pango, unaingia, ukitoka unaona mnara, unaingia, mara umekuwa mkuu wa chuo cha uchawi na joka umemsahau. Na kuna misheni zinazojitengeneza zenyewe bila kikomo, ukimaliza moja unapewa nyingine. Kwa hiyo usitegemee gemu ikwambie umefika. Usevu unafanya popote, umeme ukikatika hupotezi kitu. Kwa mtu wa saa moja hiyo ni neema.

Mama Levo:
Kaka Fundi, mimi ni mmoja wa walioimaliza Witcher 3, pamoja na nyongeza zake zote mbili, na nina watoto. Acha nikuonyeshe watu wanapoishia, maana hawaishii mwisho mwisho kama unavyodhani.

Wa kwanza wanaishia White Orchard, kijiji cha mwanzo. Angalia tena hizo takwimu: kuna kikombe cha kumpata mchawi Yennefer, kinatoka utangulizi unapoisha, na watu kibao hawana hata hicho. Hawa tusiwahesabu, walinunua kwenye punguzo, wakaonja, wakaondoka.

Kundi la pili linakolea kabisa Velen, eneo linalofuata. Ile habari ya Baron na familia yake (siharibu utamu) ndiyo inayowafanya watu waseme gemu hii haina mfano, na kusema kweli ni kisa kilichoandikwa vizuri kuliko filamu nyingi. Lakini baada ya Baron unaingia mji wa Novigrad, na Novigrad ndipo kaburi lilipo. Unamtafuta Ciri, binti wa kulea wa shujaa unayemchezea. Ili umpate Ciri umpate kwanza rafiki yako mwimbaji, Dandelion. Ili umpate Dandelion uonane na huyu, umsaidie yule, upigane na majambazi wa mji, mpaka unajikuta unaandaa mchezo wa jukwaani na kuchagua waigizaji. Mtu aliyekuwa na hamu ya kumwona binti yake anajiuliza, hivi nilikuwa nafanya nini? Anazima. Wiki ikipita amesahau hata vitufe.

Ukivuka Novigrad, visiwa vya Skellige vinapita haraka, na kuanzia vita vya ngome ya Kaer Morhen hutalala. Kwa hiyo urefu peke yake hauui mtu. Kinachoua ni pale unapopoteza sababu ya kuendelea, na hapo hata gemu ya saa 20 utaitupa.

Kimya Kingi:
Nakazia. Na mimi niliishia hapo hapo kwenye jukwaa.

Nyota ya Nakuru:
Salamu kutoka Nakuru, wadau. Nimesoma, lakini nina shaka na takwimu kwa ujumla. Mtu akilipia Game Pass, ile huduma ya Xbox ya kulipia gemu nyingi kwa mwezi, anafungua gemu kumi mwezi mmoja ili aone zikoje, na kila aliyefungua anahesabiwa ni mchezaji. Halafu hapa kwetu wangapi wanacheza kopi za kuchakachua ambazo hazitumi kikombe popote? Hatuhesabiwi kabisa.

Nije kwa Elden Ring, maana naona mnaiogopa. Hii inakataa watu kwa ukuta. Dakika chache tu baada ya kuanza, unatoka nje Limgrave na unamkuta Tree Sentinel, yule wa farasi wa dhahabu, anakukanyaga. Ukimkwepa, unafika ngome ya Stormveil unamkuta Margit, bosi (adui mkubwa) wa kwanza, anakukanyaga tena. Wengi wanarudisha gemu hapo. Lakini ukikubali kwamba Margit si wa leo, ukaenda kusini kuzurura na kupanda levo ukarudi, umeshaielewa gemu nzima. Ramani yake haina utitiri wa alama za kazi. Unaona jengo kwa mbali unalifuata mwenyewe, na udadisi huo unakusukuma kuliko orodha yoyote. Mimi sijawahi kumaliza gemu yoyote ya Ubisoft, watengenezaji wa Valhalla, lakini hii niliimaliza.

Hata hivyo nikuambie ukweli. Nyongeza yake, Shadow of the Erdtree ya Juni 2024, haikuruhusu kuingia mpaka uwe umewaua mabosi wawili, Radahn na Mohg. Mohg amefichwa, si lazima kwa stori. Wiki ile ilipotoka, watu walionunua nyongeza walikuwa wanaulizana Mohg anapatikana wapi. Yaani hata mashabiki walikuwa hawajaiona gemu yote.

Mama Levo:
Nyota, umesahau jambo moja kubwa kwa mzazi: Elden Ring haisimami. Hakuna pozi. Mtoto akilia katikati ya bosi, umekufa.

Nyota ya Nakuru:
Hiyo ni kweli, siwezi kubisha. Ila inasevu yenyewe kila wakati, kwa hiyo unachopoteza ni pambano tu. Na ruuni zako, zile pesa za mle ndani 😅

Msafiri wa Muscat:
Assalaam alaykum jamani. Mie naishi Muscat, asili Unguja. Naona Valhalla mmeiacha yatima, basi niisemee, japo si kwa kuisifu.

Valhalla imekatwa vipande kwa majimbo ya Uingereza ya kale. Kila jimbo lina hadithi yake: unafika, unakuta ugomvi wa kutawala, unausuluhisha kwa shoka, wanakuwa marafiki wa kijiji chako, unarudi kuripoti. Mwanzoni raha. Jimbo la nne raha kidogo. Baadaye unajua kabla hujafika nini kitatokea. Na kubwa zaidi, mwisho wake haueleweki. Stori ya shujaa Eivor na ndugu yake inaisha, majimbo yanaendelea, huoni mahali pa kusema haya, tumemaliza. Mpaka Desemba 2022, miaka miwili tangu itoke, ndipo wakaongeza sura ya kumuaga Eivor. Gemu inayohitaji kuletewa mwisho baadaye, unadhani wachezaji walikuwa wameuona wapi?

Badala yake ndugu yangu tazama Assassin's Creed Mirage ya 2023. Ilianza kama nyongeza ya Valhalla ikakua ikawa gemu yake, na Ubisoft wenyewe waliitangaza kuwa ndogo kwa makusudi. Stori yake ni kama saa 15 hivi. Mji ni Baghdad ya mwaka 861, na unaweza kucheza yote kwa sauti za Kiarabu. Kisha kuna jambo litakalowagusa watu wa pwani: yumo Ali ibn Muhammad, yule aliyekuja kuongoza uasi wa Zanj kule Basra kuanzia 869, watumwa waliokuwa wakikwangua ardhi ya chumvi kwenye mabwawa ya kusini mwa Iraq. Uasi ule ulidumu mpaka 883. Jina lenyewe Zanj ndilo Waarabu walilowaita watu wa pwani yetu. Mie niliposikia wanatajwa ndani ya gemu nilisimamisha nikakaa kitako.

Chalii wa Sakina:
Shehe hapo umenifundisha kitu. Ila Mirage haina kupanda levo, wametoa. Fundi anataka levo.

Msafiri wa Muscat:
Kweli, kuna mti wa ujuzi tu. Na farasi yumo, ngamia pia.

Mhasibu wa Vikombe:
Naona mada imenoga, naomba niingize mawili matatu ya hesabu.

Kwanza HowLongToBeat. Anayeandika muda wake pale ni aliyemaliza na akajali kuandika. Mtu aliyetumia saa 40 akaacha njiani haingii kwenye wastani wa kumaliza. Kwa hiyo saa 50 za Witcher 3 ni za mtu mwenye nia, anayejua anaelekea wapi. Fundi, wewe wa usiku usiku, utakayelala na pedi mkononi, ongeza.

Pili Skyrim. Toleo la Special Edition la 2016 linazima vikombe ukiweka modi, yaani mabadiliko yanayotengenezwa na wachezaji. Sasa nani anacheza Skyrim bila modi? Mtu anaweza kuwa amemuua Alduin mara tano na bado anahesabiwa hajamuua. Asilimia ile usiifanye ushahidi.

Tatu, na hili ndilo linaloniambia zaidi kuliko asilimia zote: watengenezaji wenyewe wanaziangalia takwimu zao, na wanabadilisha gemu kwa sababu yake. CD Projekt Red, Wapolandi waliotengeneza Witcher 3, walisema wazi mwaka 2020 kwamba stori kuu ya gemu yao iliyofuata, Cyberpunk 2077, itakuwa fupi kidogo kuliko ya Witcher 3, kwa sababu walipata malalamiko kwamba ile ni ndefu mno, na waliona kwenye takwimu watu wengi wamefika mbali sana bila kuufikia mwisho. Zingatia hapo: *wamefika mbali sana*. Hawakuacha kwa kuchukia gemu.

Hapo namuunga mkono Mama Levo, ila si kwa asilimia mia. Urefu nao unaua. Katika miezi miwili kitu kitatokea tu, msiba, safari, mtihani, gemu mpya ya mpira. Gemu ikiwa ndefu, nafasi za kukatizwa zinaongezeka, na stori yenye majina ya Kipolandi ukiiacha wiki tatu huikumbuki.

Bwana Polepole:
Kwani lazima mmalize? Mnacheza kama mnalipwa.

Gemu ya Zelda ya Nintendo, Breath of the Wild, ilipotoka 2017, ukishuka tu kwenye uwanda wa mwanzo unaweza kwenda moja kwa moja kwa bosi wa mwisho na kijiti chako. Wako waliofanya hivyo. Na kuna mbegu 900 za Korok, viumbe vya msituni, zimefichwa ramani nzima. Ukizikusanya zote unajua unapewa nini? Kitu cha dhahabu chenye umbo la kinyesi, na Korok mmoja mkubwa anakuchezea ngoma. Nintendo walikuwa wanakucheka wewe unayesafisha ramani.

Mhasibu wa Vikombe:
😂😂 Mbegu nilizikusanya zote.

Bwana Polepole:
Pole sana.

Mama Levo:
Bwana Polepole, kuzurura sikatai. Lakini mtu akiwa na hela ya gemu moja, kuona kisa kinavyofungwa ni haki yake. Mwisho wa Witcher 3 unategemea ulivyomlea Ciri kwenye mambo madogo ambayo hukujua yanahesabiwa. Aliyeishia Novigrad hajui kama alikuwa baba mzuri au la. Kuna kitu amekosa, tusijifariji.

Bwana Polepole:
Alimwona Baron. Kwa maneno yako mwenyewe hicho ndicho kisa bora. Basi kashiba.

Nyota ya Nakuru:
Hapa Polepole amekushika Mama Levo 😄 Hata Dragon Age: Inquisition ya 2014, watu walikwama eneo la kwanza, Hinterlands, wakiokota majani na kuwinda kondoo dume, mpaka wachezaji wakaanza kuambiana mtandaoni: tokeni Hinterlands! Wengi waliokwama walidhani ile ndiyo gemu yenyewe. Yaani unaweza kuacha gemu kabla hujaianza.

Fundi Pedi:
Wakuu, asanteni. Nimechuja hivi. Elden Ring inatoka kwa sababu ya pozi, mwanangu mdogo ana miezi saba. Valhalla imetoka, Msafiri ameizika. Skyrim naijua tabia yangu, nitakuwa mkuu wa chuo cha uchawi mpaka Krismasi na joka linaendelea kuchoma vijiji. Mirage nitaichukua ikishuka bei, hiyo habari ya Zanj imenikaa.

Nabaki na Witcher 3. Mama Levo, nipe njia. Nifanye nini na nisifanye nini ili nisizikwe Novigrad?

Mama Levo:
Karibu. Chukua Complete Edition, nyongeza zote mbili zimo na toleo la PS5 limo.

Weka ugumu wa chini kabisa, ule wa stori tu, usione aibu. Mikataba ya kuwinda mazimwi fanya ile inayokupendeza tu. Gwent, yale makaratasi, cheza kama unapenda karata, vinginevyo kataa kila anayekualika, maana kuna misheni nzima za kukusanya kadi.

Velen zurura unavyotaka, ndipo pazuri. Ukifika Novigrad fuata misheni kuu tu, usiguse ubao wa matangazo mpaka Dandelion apatikane. Skellige usizifuate alama za kuuliza zilizo baharini. Ni makreti ya magendo yamezama, ni mengi kupita kiasi, na ndani yake hamna cha maana. Zifiche kwenye ramani usizione kabisa.

Blood and Wine iache mpaka umalize stori kuu, inataka levo 34 hivi. Na ukilazimika kuacha kwa siku kadhaa, usiachie katikati ya misheni. Achia kwenye mlango wa misheni mpya, ukirudi utaanza na mtu anayekueleza shida yake tangu mwanzo.

Chalii wa Sakina:
Fundi, ukikwama Novigrad Skyrim yangu ipo, diski nakuazima. Sharti uje kuichukua mwenyewe Sakina.