Naomba ushauri: mwenyeji wangu Abyaneh alikataa pesa

Ndugu zangu, salaam. Nasoma Qom, Iran. Wiki iliyopita nilikwenda Abyaneh, kijiji cha nyumba za udongo mwekundu chini ya mlima Karkas. Milango ya zamani kule ina vyuma viwili vya kugongea: kizito cha wanaume, na pete nyembamba ya wanawake, ili wa ndani ajue kwa mlio nani aende kufungua. Nikagonga pete, nikitaka maji tu.

Akatoka bibi mmoja, kajitanda mtandio mweupe wa maua. Chai, kisha chakula, mwishowe yeye na mumewe wakanilaza. Asubuhi natoa pesa, akasema "ghabeli nadare", yaani si kitu. Nikarudisha mkobani.

Sasa mwenzangu ananiambia ile ni taarof, adabu yao ya kukataa kwanza, nilipaswa kusisitiza hata mara tatu. Nimeumia mno, wale ni wazee.

Mwezi ujao narudi. Mliokaa Iran, nimpe pesa kwenye bahasha, au nitamvunjia heshima? Nina doti mpya ya kanga na karafuu za kwetu Pemba. Vinatosha?