Mjadala: CERN ijenge pete ya kilomita 91?

Hoja: FCC, mashine ya kugonganisha chembe inayopendekezwa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, ni handaki la kilomita 91, wastani wa mita 200 chini ya ardhi. Hatua ya kwanza itagonganisha elektroni na positroni (pacha wake wa chaji chanya), kwa takribani faranga bilioni 15 za Uswisi. LHC, pete ya sasa ya kilomita 27, ilitupa Higgs, chembe inayohusishwa na uzito wa chembe nyingine, mwaka 2012. Tangu hapo hakuna chembe nyingine ya msingi. Ijengwe?

Mchangiaji A: Hapana. Higgs ilitafutwa kwa sababu bila yake hesabu zilivunjika karibu na nishati ya TeV 1 (sawa na GeV 1,000). Safari hii hakuna hesabu inayotuelekeza pa kuchimba. Kumbukeni Desemba 2015: ATLAS na CMS, vitambuzi viwili vya LHC, ziliona mwinuko wa jozi za fotoni (chembe za mwanga) karibu na GeV 750, kama dalili ya chembe mpya. Kwa ATLAS ulifika sigma 3.9 (kipimo cha kuonyesha si bahati tu) ukitazama hapo tu. Ukizingatia kwamba walipekua masafa mazima, unashuka hadi karibu 2. Agosti 2016 data zikaongezeka, mwinuko ukafutika.

Mchangiaji B: Mkuu, hiyo ilikuwa mashine ya protoni, na protoni ni mfuko wa kwaki na gluoni: huwezi kujua vipande vilivyogongana vilibeba nishati kiasi gani. Elektroni haina vipande. Kwa GeV 240 Higgs huzaliwa pamoja na Z, chembe nyingine nzito. Pima Z, itoe kwenye nishati ya mgongano unayoijua, kinachobaki ni Higgs, hata ikivunjika kuwa vitu visivyoonekana. Vipimo vya LEP, pete ya elektroni iliyoitangulia LHC, vilikadiria uzito wa kwaki ya top kabla Fermilab, maabara ya Marekani, hawajaipata mwaka 1995. Huko nako ni kusaka!

Mchangiaji C: Hofu yangu ni hatua ya pili, ya protoni. Sumaku za LHC za kupindisha protoni zina nguvu ya tesla 8.3, hapa zinatakiwa 14 au zaidi, na niobi-titani, waya wa sumaku hizo, haifiki huko. Niobi-bati inafika, ila ni dhaifu mno: koili husukwa kwanza, ndipo hupikwa karibu nyuzi 650. Ukiikaza vibaya baadaye inapata nyufa na uwezo wa kubeba mkondo unashuka. Mwaka 2008 kiungo kimoja kibovu cha umeme kiliisimamisha LHC zaidi ya mwaka. Fedha ziende kwenye sumaku kwanza.

Mchangiaji A: Basi jengeni mashine iliyonyooka. Kwenye pete, elektroni ikiongezwa nishati mara mbili, hasara ya mionzi kila mzunguko inakuwa mara 16.

Mchangiaji B: Ndiyo maana pete ni kubwa, mpindo ulegee na hasara ipungue. Iliyonyooka hutumia kila kifurushi cha chembe mara moja tu. LEP ilipata Z milioni 17. FCC inalenga trilioni kadhaa.