Nimehariri filamu mie, halafu natumwa urojo mbele ya wageni!!

Jamani nina hasira mpaka vidole vinatetemeka. Mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule anaevaa miwani ya jua ndani ya chumba cha kuhariri na taa zimezimwa. Leo kaniumbua wallahi.

Ile filamu ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, kaihariri nani? Mie! Nani alokwenda Makunduchi Julai na kamera begani, wanaume wanatwangana kwa migomba, kibanda cha makuti kinachomwa moshi wote machoni mwangu, halafu nikakaa usiku kusikiliza zile nyimbo za kashfa za akina mama moja moja nijue ipi itapita hewani na ipi itatufungisha? Mie. Yeye siku ile kashuka garini kapiga selfi na kibanda, karudi kwenye kiyoyozi.

Leo wageni wa stesheni wamekuja kuiona, bwana kasimama mbele ya skrini, "hapa niliamua kukata kwa kasi mtazamaji alione vumbi." Uliamua wewe? Wewe programu yenyewe ukiifungua unauliza sauti inatokea wapi! HALAFU ananigeukia, "Dada, hebu kimbia Darajani uwaletee wageni urojo." Urojo! Mie! Na kazi yangu inacheza pale pale! Mgeni mmoja akadakia eti wake usitiwe pilipili nyingi.

Majina ya mwisho yanapita, yeye mwongozaji, yeye mwandishi, yeye mhariri, kidogo aandikwe na mgomba. Langu lipo kwenye shukrani, chini ya dereva. Na bosi anajua, faili zote zina jina langu, ila huyu kila asubuhi keshaingia kwa bosi na chapati zake kabla hatujafika, akitoka ratiba imegeuka, huyu katolewa safari ya Pemba, yule kapewa kamera ya betri mbovu. Zanzibar tuna televisheni ya rangi toka miaka ya 70, wakati huo bara hata stesheni hawakuwa nayo, leo mhariri ndo mtu wa kutumwa Darajani??

"Dada, hebu kimbia." Mbele ya wageni!

kijana_wa_kikwajuni: Pole bibie. Sasa urojo ulileta au hukuleta?

Mwenye uzi: Unauliza urojo mtu kaibiwa kazi yake? Nimechukua mkoba nimeondoka.

kijana_wa_kikwajuni: Kwa hiyo wageni wamekaa na njaa, khaa

mshika_maiki: Mie namjua huyo bwana, mchezo wa Ramadhani alinisimamisha juani toka asubuhi nimefunga, nimenyanyua maiki mkono umekufa ganzi, kumbe kamera hajaiwasha. Na pesa hatujalipwa mpaka leo, tukiuliza tunaambiwa mdhamini hajaleta.

fundi_taa: Afadhali nyie mlipata hata ahadi. Mie nimeambiwa nihesabu kama nimejifunza kazi. Nijifunze nini, hizo taa zenyewe zangu!

mama_mbatata: Lakini urojo wa Darajani nao siku hizi maji matupu, bhajia moja ya kutafuta kwa tochi

kijana_wa_kikwajuni: Basi aende Forodhani

mama_mbatata: Forodhani bei za wazungu, wacha wee

mtu_wa_chake: Nyie Waunguja mnalilia urojo. Sie Pemba hizo kampuni zenu tunaziona msimu wa karafuu tu, mnampiga picha mzee juu ya mkarafuu, mnaondoka na boti, hata kumuonesha alivyotoka hakuna. Mchezo wa ng'ombe upo huku mwaka nenda mwaka rudi, nani kaja kuutengenezea filamu? Kila siku Makunduchi, Makunduchi.

mshika_maiki: Ng'ombe nani amsogelee na kamera sheikh

mtu_wa_chake: Si mna droni

fundi_taa: Droni usiitaje, kibali chake kwanza unazeeka

Mwenye uzi: Jamani uzi wangu

mama_mbatata: Mtu wa Chake, ng'ombe wanachezwa lini safari hii? Nataka nije na watoto.