Samaki wa tangini, diskasi chotara wa Nhamundá, hataki kula, wiki ya 3 sasa

mzee_wa_upanga
Wakuu, nimeachiwa diskasi wanne na jamaa aliyehama nchi. Wote wamevuliwa mtoni, si wa kuzalishwa. Mmoja ananinyima usingizi: ana ule mstari mzito wa katikati kama diskasi aina ya Heckel, wa tano kati ya tisa, ila mwili mzima mawimbi ya bluu. Jamaa alisema ni chotara wa asili wa mto Nhamundá, Brazili. Wenzake wanadonoa. Yeye nikimpa moyo wa ng'ombe wa kusaga anauweka mdomoni, anautema. Amekuwa mweusi, kajibanza nyuma ya gogo. Kinyesi cheupe, kirefu kama uzi wa cherehani. Tangi lita 300, maji ya kisima, nyuzi 27, pH (kipimo cha uasidi) 7.8.

fundi_chujio
Mzee, maji kwanza. Heckel ni wa maji meusi. Rio Negro, mto wao kule Brazili, pH iko 4 mpaka 5, na maji laini kabisa. Kisima chetu cha pwani kimejaa chokaa. Kinga mvua, ila ya kwanza iache ioshe bati. Changanya kidogo kidogo, ndoo moja kwa siku. Ukimbadilishia ghafla utamuua wewe mwenyewe. Okota majani ya mkungu yaliyodondoka yenyewe, makavu, osha, tia matano. Maji yakiwa kama chai ya rangi usishtuke. Hita ipandishe taratibu hadi 30.

Kinyesi hicho huenda ni dalili ya vijidudu vya utumbo. Mtenge tangi lake, toa mkaa kwenye chujio, umtibu kwa metronidazo. Dozi muulize daktari wa mifugo, usikisie.

bintimaji
Moyo wa ng'ombe achana nao. Samaki wa mtoni amjulie wapi ng'ombe? Weka ndoo ya maji uani, viluwiluwi vya mbu vitakuja vyenyewe. Chota kila siku kabla havijaota mabawa, majirani wasije wakakushtaki.

kaka_mbishi
Chotara, chotara, picha iko wapi? Diskasi akiwa na hofu mistari yote hukolea. Huenda ni wa bluu wa kawaida tu.

mzee_wa_upanga
Siku ya 11 tangu mnishauri. Kaka mbishi, mistari mingine imefifia, wa tano uko palepale. Leo asubuhi kanyakua viluwiluwi vitatu, nimehesabu. Mama watoto amenipa mpaka Ijumaa niwe nimeondoa ile ndoo.